Kiti cha mbunge ni cha nani? Funzo la Julian Bond kwa mabunge ya majimbo Marekani

Bunge la Wawakilishi la jimbo la Tennessee, Marekani, lilipowatimua wabunge wawili vijana Weusi mnamo Aprili 6, 2023, ulimwengu ulipigwa na butwaa. Hata hivyo, kwa wanaoifahamu historia ya majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, kitendo hicho hakikuwa kigeni hata kidogo.

Kosa la Justin Jones na Justin Pearson lilikuwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi wa bunge jijini Nashville, wakidai sheria kali zaidi za kudhibiti bunduki. Siku tatu kabla ya maandamano hayo, watu sita, wakiwemo watoto watatu, walikuwa wameuawa kwa risasi katika shule ya Covenant jijini humo.

Jones alitimuliwa kwa kura 72 dhidi ya 25, naye Pearson kwa kura 69 dhidi ya 26. Mwenzao Mzungu, Bi Gloria Johnson, aliyekuwa nao katika maandamano hayo, aliponea chupuchupu kwa upungufu wa kura moja tu.

Wiki moja haikupita kabla ya wawili hao kurejea bungeni. Madiwani wa Nashville walimteua Jones kujaza nafasi iliyoachwa wazi na Jones mwenyewe, nao makamishna wa kaunti ya Shelby wakamfanyia Pearson vivyo hivyo. Agosti 3 mwaka huo, wapigakura waliwarudisha rasmi kupitia chaguzi ndogo.

Swali lililoibuka Tennessee ni la kale: je, kiti cha bunge ni mali ya nani? Ni cha wabunge walio wengi, wenye uwezo wa kumfungia mlango mwenzao wasiyependezwa na maneno yake, ama ni cha wananchi waliopanga foleni kumchagua?

Jibu la msingi la swali hilo lilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mnamo 1966, na kiini chake kilikuwa kijana mmoja aliyezaliwa papo hapo Nashville, Julian Bond. Maisha ya mwanasiasa huyo, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 75, yanastahili kuangaliwa upya kila mara bunge linapojaribu kujigeuza mpigakura.

Ukoo wa wasomi

Bond alizaliwa Januari 14, 1940, katika familia ambayo elimu ilikuwa ndiyo silaha yake. Babu yake, James Bond, alizaliwa mtumwa mwaka 1863. Baada ya kuwa huru alitembea kwa miguu hadi chuo cha Berea, Kentucky, akiswaga dume la ng'ombe la kulipia karo.

Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi mashuhuri aliyekuwa Mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kuanzia 1945. Hicho ndicho chuo walichosomea Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana kabla ya kurejea makwao kuongoza harakati za uhuru. Kwa hivyo, habari za Afrika hazikuwa ngeni katika nyumba alimolelewa Julian.

Kijana huyo alipelekwa katika shule ya bweni ya madhehebu ya Quaker, yanayofahamika kwa kupinga vita vya aina yoyote. Mwaka 1957 alijiunga na chuo cha Morehouse jijini Atlanta, Georgia, ambako siasa zilimpata kabla ya shahada.

Machi 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioingia mikahawa iliyotengewa Wazungu na kukataa kuondoka, akatiwa mbaroni. Mwezi uliofuata alishiriki kuundwa kwa kamati ya wanafunzi ya kupigania haki bila ghasia, iliyofahamika kwa ufupisho wa SNCC. Aliacha masomo mwaka 1961, akawa mkurugenzi wa mawasiliano wa kamati hiyo na kusimamia gazeti lake. Shahada yake ya Kiingereza aliipata miaka 10 baadaye.

Kamati hiyo ilikuwa na uhusiano na Kenya ambao si wengi wanaoukumbuka. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Waziri wa Masuala ya Ndani, Jaramogi Oginga Odinga, alizuru Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda kumwamkua hotelini, kisha baadhi yao wakaenda katika mkahawa wa Toddle House, wakanyimwa huduma na kukamatwa. Mwenzao Matthew Jones alitunga wimbo uliobeba jina la Odinga, na ukaimbwa katika mikutano ya harakati hizo.

Mwaka uliofuata, Bond alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliozuru Guinea kwa mwaliko wa serikali ya Rais Sékou Touré. Wawili kati yao, John Lewis na Donald Harris, waliendelea na safari barani na kukutana na Malcolm X jijini Nairobi. Jina la Lewis litarejea mbele katika simulizi hii, na kwa namna ambayo wakati huo hakuna aliyeitarajia.

Mlango wafungwa

Ili kuelewa yaliyompata Bond, ni vyema kufahamu uzito wa bunge la jimbo nchini Marekani. Wanaohudumu katika mabunge hayo ni zaidi ya watu 7,000 na wengi wao hawajulikani nje ya majimbo yao. Lakini wao ndio hutunga sehemu kubwa ya sheria za jinai, huamua masharti ya kupiga kura na, katika majimbo mengi, huchora mipaka ya maeneobunge, yakiwemo yale ya Bunge la Kitaifa.

Kwa miaka mingi, Georgia iliipanga mipaka hiyo kwa njia iliyozipa kaunti ndogo za mashambani sauti kubwa kuliko miji. Mahakama zilipoharamisha mpangilio huo katika miaka ya mwanzo ya 1960, Atlanta ilipata viti vipya. Bond aliwania kimojawapo mwaka 1965, akizunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza wakazi walitaka nini, akashinda kwa asilimia 82 ya kura.

Januari 3, 1966, kabla hajaapishwa, mwanaharakati wa SNCC na mwanajeshi wa zamani wa majini, Sammy Younge, alipigwa risasi na kuuawa mjini Tuskegee, Alabama, baada ya kuzozana na mhudumu wa kituo cha petroli kuhusu choo cha Wazungu. Siku tatu baadaye, SNCC ilitoa taarifa ya kupinga vita vya Vietnam. Ilihoji ni vipi serikali inaweza kudai kupigania uhuru ng'ambo ilhali inashindwa kuwalinda raia wake nyumbani. Aidha, ilieleza kuwaunga mkono vijana waliokataa kusajiliwa jeshini.

Bond hakuiandika taarifa hiyo. Mwanahabari alipompigia simu kumuuliza iwapo anaiafiki, alijibu kwamba anaiafiki. Jibu hilo fupi nusura limgharimu maisha yake yote ya kisiasa.

Wabunge 75 walitia saini malalamishi ya kutaka asiruhusiwe kuketi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye kauli kama hizo hawezi kuapa kwa moyo mweupe kuitetea Katiba ya Marekani na ya Georgia, na kwamba alikuwa akiwasaidia maadui wa taifa. Ikumbukwe kuwa wakati huo upinzani dhidi ya vita hivyo ulikuwa bado haujashika kasi, na vijana wengi wa Georgia walikuwa vitani.

Januari 10, wabunge wapya walipoitwa kula kiapo, karani alikataa kumwapisha Bond. Jioni hiyo, baada ya kamati maalumu kusikiliza pande zote mbili, bunge lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumzuia. Alikuwa na umri wa miaka 25, siku nne kabla ya kutimiza 26.

Si mara ya kwanza kwa Georgia kufanya hivyo. Septemba 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa, wabunge Wazungu wa jimbo hilo waliwafukuza wenzao Weusi kwa madai kwamba haki ya kupiga kura haimpi Mweusi haki ya kuchaguliwa. Ililazimu serikali ya shirikisho kuingilia kati ndipo wakarejeshwa mwaka 1870. Wazee wa Atlanta waliokuwa wakiijua historia hiyo hawakuhitaji kuelezwa maana ya kura ile ya 184.

Kuna jambo jingine linalodhihirisha kuwa vita vya Vietnam havikuwa sababu pekee. Bond hakuwa amevunja sheria yoyote. Hakuwa ameichoma kadi yake ya usajili wa jeshi wala kumshauri mtu aichome. Alikuwa ametimiza masharti yote ya umri, ukaazi na uraia. Kilichopimwa kilikuwa kilichomo moyoni mwake.

Uamuzi wa majaji tisa

Bond alielekea kortini. Miongoni mwa walioungana naye katika kesi ni mkazi mmoja wa eneobunge lake, Dkt Martin Luther King, aliyelalamika kwamba bunge lilimnyang'anya mwakilishi wake. Hoja hiyo ya King ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana: aliyedhulumiwa hakuwa Bond peke yake, bali kila aliyempigia kura.

Mahakama ya shirikisho yenye majaji watatu ilimkataa kwa kura mbili dhidi ya moja, Jaji Elbert Tuttle akipinga msimamo wa wenzake. Wakati huo huo, uchaguzi mdogo uliitishwa Februari 1966 kujaza nafasi hiyo na wakazi wakamchagua Bond tena. Bunge likamkataa tena. Novemba mwaka huo wakamchagua kwa mara ya tatu. Kuvunjika kwa koleo, walionekana kusema wapigakura hao, si mwisho wa uhunzi.

Desemba 5, 1966, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba Georgia ilikiuka Katiba. Akisoma uamuzi huo, Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kuwa jimbo lina haki ya kumtaka mbunge ale kiapo, lakini halina mamlaka ya kukitumia kiapo hicho kupima unyofu wa mtu ambaye maoni yake hayawapendezi walio wengi.

Upande wa Georgia ulidai kuwa mbunge anapaswa kuwekewa kipimo kikali cha uzalendo kuliko raia wa kawaida. Mahakama iliupindua mantiki huo juu chini. Ilisema kuwa katika serikali ya uwakilishi, mbunge ndiye anayehitaji nafasi pana zaidi ya kutoa maoni kuhusu masuala ya umma, ili wananchi wafahamu anakosimama na waweze kumhukumu kwa kura.

Januari 1967, Bond aliapishwa. Miaka miwili baadaye, mahakama iyo hiyo iliamua kwamba Bunge la Kitaifa nalo lilikosea lilipomzuia Adam Clayton Powell wa New York, ambaye alikuwa ametimiza masharti ya Katiba, kuchukua kiti chake.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili hapa. Kumzuia mteule asiapishwe ni jambo moja. Kumfukuza mbunge aliyekwisha kuapishwa, kwa thuluthi mbili ya kura na kwa sababu ya mwenendo wake, ni jingine. Mamlaka ya pili bado yapo, na ndiyo yaliyotumiwa na Tennessee mwaka 2023. Uamuzi wa Bond uliziba mlango wa mbele, ila dirisha likabaki wazi.

Kwa msomaji wa Kenya, mwaka wa 1966 una mwangwi wake. Odinga, ambaye vijana wa SNCC walimwimbia, alijiuzulu umakamu wa rais Aprili mwaka huo na kujiunga na chama cha KPU. Bunge lilirekebisha Katiba ili mbunge anayehama chama kilichomdhamini apoteze kiti na kurudi kwa wapigakura. Wengi wa wenzake hawakurejea. Mazingira yalikuwa tofauti, lakini katika nchi zote mbili walio wengi bungeni walitambua kwamba njia ya mkato ya kumnyamazisha mpinzani ni kukigusa kiti chake.

Miaka 20 bungeni

Kesi hiyo ilimpa Bond sifa ambayo sheria yoyote aliyotunga isingempa. Mwaka 1968, katika kongamano la chama cha Democratic jijini Chicago, alikuwa miongoni mwa viongozi wa ujumbe uliopinga ule wa Gavana Lester Maddox, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, na viti vya Georgia vikagawanywa baina ya pande hizo. Jina lake lilipendekezwa kwa wadhifa wa naibu wa rais. Aliliondoa, kwani alikuwa na umri wa miaka 28 ilhali Katiba inataka 35.

Alihudumu katika Bunge la Wawakilishi hadi Januari 1975, kisha akawa seneta wa jimbo hadi 1987. Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha shirika la utetezi wa kisheria la Southern Poverty Law Center na kuwa rais wake wa kwanza.

Sifa hizo zilikuwa na gharama. Kijana aliyezuiwa kuingia ukumbini aligundua kwamba kuingia si sawa na kusikilizwa. Wenzake wengi waliendelea kumtazama kwa jicho la uadui, na miswada yake haikupata njia rahisi. Wakosoaji nao walimlaumu kwa kutumia muda mwingi akihutubia vyuo vikuu nchini kote, wakidai wakazi wa Atlanta walikuwa wamechagua mbunge lakini wakapata mhadhiri.

Lawama hizo zina ukweli wake. Hata hivyo, kuna kazi moja aliyoifanya kwa ukakamavu. Mipaka ya maeneobunge ilipochorwa upya kufuatia sensa ya 1980, Bond alipigania eneobunge la Tano la Atlanta liwe na Weusi wengi. Bunge la jimbo lilipinga, suala likafika katika wizara ya haki na mahakamani, na hatimaye eneo hilo likachorwa upya likiwa na takriban thuluthi mbili ya wakazi Weusi.

Marafiki wageuka wapinzani

Kiti hicho kilipobaki bila mwenyewe mwaka 1986, ilionekana dhahiri kuwa Bond angevuna alichopanda. Lakini aliyejitokeza kumkabili ni rafiki yake wa miaka 25, John Lewis, aliyesafiri naye hadi Guinea.

Tofauti yao ilikuwa ya malezi kuliko sera. Bond alikuwa mwana wa msomi, mtanashati na mweledi wa maneno. Lewis alikuwa mwana wa mkulima wa Alabama, mwenye ulimi mzito na makovu ya marungu ya polisi. Katika duru ya kwanza ya mchujo, Bond alipata asilimia 47 na Lewis asilimia 35.

Duru ya pili ilikuwa chungu. Lewis alimtaka Bond wakapimwe wote iwapo walitumia dawa za kulevya, naye Bond akakataa. Septemba 2, Lewis alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Weusi wengi walimpigia Bond kura; kura za Wazungu ndizo zilizompa Lewis ushindi. Hivyo basi, aliyelipigania eneobunge hilo hakupata kulikalia, naye Lewis alilihudumia hadi kifo chake Julai 2020.

Mwaka uliofuata Bond aliandamwa na tuhuma za kutumia kokeni. Alizikanusha na hakuwahi kufunguliwa mashtaka, lakini hakuwania tena kiti chochote cha kisiasa.

Alirejea katika kazi aliyoianza ujanani, ya kusema na kufundisha. Sauti yake ndiyo inayosikika katika filamu ya historia ya harakati za haki, Eyes on the Prize, iliyoanza kuonyeshwa 1987. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia na kile cha American. Mwaka 1998 alichaguliwa mwenyekiti wa chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, NAACP, akakiongoza hadi 2010.

Huko nako maneno yake yalimfuata. Mwaka 2004, baada ya kuikosoa vikali serikali ya Rais George W. Bush, mamlaka ya ushuru ilianza kuchunguza iwapo hotuba yake ilikiuka masharti ya msamaha wa kodi wa chama hicho. Uchunguzi ulikamilika 2006 na NAACP haikupatikana na hatia. Alifariki Agosti 15, 2015, jimboni Florida.

Funzo

Anayempima Bond kwa idadi ya sheria alizotunga atamwona mbunge wa wastani. Anayempima kwa vyeo atamwona mtu aliyeshindwa kufika Washington. Vipimo vyote viwili vinakosa jambo la msingi: mchango wake mkubwa kwa bunge ulikuwa ni mwaka mzima aliokaa nje ya bunge hilo.

Mwaka huo uliweka kanuni kwamba mbunge hachujwi na wenzake kwa sababu ya fikra zake. Historia ya Vietnam nayo ilitoa hukumu yake. Miaka michache baadaye, maoni yaliyomfanya Bond aonekane msaliti yalikuwa ya mamilioni ya Wamarekani.

Lakini hata kama historia isingekuwa upande wake, uamuzi ule ungekuwa sahihi. Haki ya kusema haimlindi aliye sahihi pekee, kwa kuwa hakuna bunge linaloweza kuaminiwa kuamua ni nani aliye sahihi. Mgala muue na haki yake mpe, walisema wahenga.

Yaliyotokea Tennessee yanaonyesha kwamba kanuni hiyo haijilindi. Wabunge walio wengi bado wanaweza kutumia kanuni za nidhamu pale ambapo zamani wangetumia kiapo. Kinachowazuia si karatasi ya hukumu pekee bali ukaidi wa wapigakura, kama wale wa Atlanta waliomchagua mtu yule yule mara tatu, na wale wa Nashville na Memphis waliowarudisha vijana wao. Kiti kilikuwa chao, na walikataa kukiachilia.